Shahada ya Sanaa kwa Masafa Ukiwa Mwanza: Sifa za Kujiunga, Maombi, Masomo na Ajira

Wengi wa Kanda ya Ziwa wanaosoma shahada ya sanaa kwa masafa, yaani wakiwa mbali na chuo, hawakwami mlangoni. Udahili wanaupata. Wanakwama miaka minne au mitano baadaye, cheti kikiwa mkononi, wanapofungua tangazo la kazi na kukuta fani yao haimo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia mwisho: kwanza kazi, kisha fani, halafu ndipo sifa za kujiunga na fomu. Aliyeko Ilemela, Nansio, Sengerema au Magu, mwenye shughuli zake za mchana, anaweza kuufuata bila kukanyaga Dar es Salaam.

Chuo kinachozungumziwa zaidi hapa ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya 1992, na ambacho kina kituo cha mkoa Mwanza kama ilivyo mikoani kwingine. Makao makuu yako Kinondoni, lakini shughuli nyingi za mwanafunzi, mitihani ikiwamo, humalizikia kituoni.

HATUA YA 1: CHAGUA KAZI KABLA YA FANI

Ingia kwenye mfumo wa Ajira Portal wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Huhitaji kuomba kazi leo. Unataka tu kusoma matangazo. Tafuta kada tatu au nne unazozitamani, kisha nakili neno kwa neno sehemu ya sifa za mwombaji. Daftari hilo ndilo litakalokuchagulia fani, si ushauri wa binamu yako aliyesoma zamani.

Utagundua haraka kwamba "Shahada ya Sanaa" peke yake si kada. Kinachoangaliwa ni jina la fani baada ya maneno hayo. Tangazo la Afisa Maendeleo ya Jamii litataja maendeleo ya jamii, sosholojia na fani za jirani. La Afisa Ustawi wa Jamii litataka ustawi wa jamii. La Afisa Habari litataka uandishi wa habari, mawasiliano ya umma au fani inayolingana nazo. La Afisa Utamaduni litaelekea kwenye lugha, sanaa na utamaduni. Mwenye sosholojia akiomba ustawi wa jamii kwa sababu "ni kitu kimoja", mfumo unamchuja kabla hajaonana na mtu.

Ualimu ndio unaoumiza watu zaidi, na unastahili maelezo marefu kidogo. Mwalimu wa sekondari mwenye shahada huajiriwa kama Mwalimu Daraja la III C. Matangazo ya kada hiyo hukubali njia mbili: shahada ya ualimu yenye somo la kufundishia linalotakiwa, au shahada isiyo ya ualimu yenye somo hilo pamoja na Stashahada ya Uzamili katika Elimu. Kwa hiyo aliyesoma Kiswahili na Historia katika shahada ya kawaida hawezi kuomba III C mpaka aongeze stashahada hiyo ya uzamili, yaani muda mwingine na ada nyingine. Kama lengo ni chaki, omba Shahada ya Sanaa na Elimu tangu mwanzo, na uchague masomo mawili yanayofundishwa sekondari: Kiswahili, Kiingereza, Historia, Jiografia na mengine ya namna hiyo. Somo la chuo lisilo na kipindi kwenye ratiba ya shule halitakusaidia.

Walioko kazini tayari wana hesabu nyingine. Mwalimu wa shule ya msingi Ukerewe mwenye cheti cha Daraja la III A akisoma shahada ya sosholojia, elimu yake imepanda lakini haimpandishi katika muundo wa ualimu. Atalazimika kuomba kubadilishiwa kada, jambo linalohitaji nafasi iwepo, bajeti iwepo na mwajiri akubali. Akisoma shahada ya ualimu, njia yake ni fupi zaidi. Vyovyote iwavyo, aandike barua ya kuomba ruhusa ya masomo kupitia mkuu wake wa kituo kwenda kwa Mkurugenzi wa halmashauri, na apate jibu la maandishi kabla ya kuanza. Masomo ya masafa hayahitaji likizo ndefu, ndiyo maana wengi huyafanya kimyakimya. Siku ya kupeleka cheti kwa afisa utumishi ndipo wanapoulizwa ruhusa iko wapi.

Hesabu na umri. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huweka kikomo cha miaka 45 kwa asiyekuwa mtumishi wa umma. Mwenye miaka 40 anayepanga kusoma taratibu kwa miaka sita atahitimu mlango huo ukiwa umefungwa. Kusoma si dhambi katika umri wowote, ila aiandalie shahada yake soko jingine: mashirika binafsi, tafsiri, shule binafsi, kazi yake mwenyewe.

HATUA YA 2: PIGA HESABU YA SIFA ZAKO

Sifa za chini za kuingia shahada ya kwanza nchini hupangwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Chuo kinaweza kuongeza masharti ya programu yake, lakini hakiwezi kushuka chini ya hapo. Jiweke katika kundi moja kati ya haya.

Kidato cha sita. Unahitaji masomo mawili ya tahasusi yenye ufaulu wa A hadi E, ambayo jumla yake ni alama 4.0 au zaidi. Kwa waliomaliza kabla ya 2014, na waliomaliza kuanzia 2016, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinatosha, C na E zinatosha, D na E hazitoshi. Mwenye B moja na S anaweza kudhani ana alama nne; anazo, lakini kwenye somo moja tu, na yanatakiwa mawili. S haihesabiwi kuwa ufaulu wa somo la tahasusi, na General Studies haiingii humu kabisa.

Waliomaliza 2014 na 2015 wako peke yao, kwa sababu miaka hiyo kulikuwa na B+ katikati. Kwao A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1 na E ni nusu. Hivyo D mbili za 2015 ni alama mbili tu. Zinatakiwa C mbili. Makosa mengi ya "mfumo umenikataa na sifa ninazo" yanatoka hapa: mtu anatumia jedwali la mdogo wake aliyemaliza 2017.

Baada ya alama nne, soma masharti ya programu yenyewe. Programu ya ualimu itataka ufaulu katika masomo utakayofundisha. Mwenye HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) anayetaka kufundisha Kiswahili hatapita kwa sababu tu ana alama saba.

Stashahada. Unahitaji ufaulu wa masomo manne, D au zaidi, katika kidato cha nne, na stashahada ya kawaida ya NTA ngazi ya 6 (NTA ni ngazi za tuzo za vyuo vya kati) yenye GPA, yaani wastani wa alama za masomo yote, isiyopungua 3.0. Kwa stashahada ya ualimu hutazamwa wastani wa B. Hesabu manne yako bila somo la dini, kwa kuwa vyuo vingi havilihesabu. Stashahada nayo iwe inahusiana na unachokwenda kusomea: ya maendeleo ya jamii kuelekea sosholojia ni njia iliyonyooka, ya uvuvi kuelekea fasihi haiendi.

Waliopungukiwa kidogo. Chuo Kikuu Huria kina programu ya msingi, inayojulikana kwa kifupi OFP, kwa ajili ya wenye sifa pungufu. Si njia ya kuruka kutoka kidato cha nne mpaka shahada kama baadhi ya watu wa steshenari wanavyowaambia wateja. Ili OFP ikupeleke shahada unatakiwa upate GPA ya 3.0 katika masomo sita ya msingi, na angalau C katika masomo matatu ya fungu lako, kwa mfano fungu la sanaa. Juu ya hayo uwe na kimojawapo: kidato cha sita chenye angalau alama 1.5 kutoka masomo mawili, au stashahada yenye GPA isiyopungua 2.0, au cheti cha NTA ngazi ya 5. Kwa lugha nyepesi, mwenye E na S ana pa kuanzia, maana hapa S huhesabiwa nusu alama. Mwenye kidato cha nne peke yake aanzie cheti na stashahada, au asome kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Waliosoma ng'ambo ya mpaka. Huku ziwani si jambo la ajabu mtu kuwa na cheti cha Kenya au Uganda, hasa watu wa Tarime, Rorya na Misenyi. Cheti cha sekondari cha nje hupelekwa Baraza la Mitihani, NECTA, kulinganishwa; stashahada ya nje hupelekwa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi na vyuo vya kati. Fanya hivyo miezi kadhaa kabla ya dirisha la maombi. Usiwasilishe cheti kitupu ukitegemea chuo kitaelewa.

HATUA YA 3: PANGA NYARAKA, NA ANZA NA JINA

Tandika mezani vyeti vyote: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha kidato cha sita au stashahada, na namba ya NIDA. Soma jina lako kwa kidole, herufi kwa herufi. Usukumani na Ukerewe utakutana na haya kila mara: cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, NIDA ina matatu, jina la babu limeandikwa "Masanja" huku na "Massanja" kule, binti ameolewa na NIDA yake ina jina la mume. Mtu hupita na tofauti hizo miaka mingi bila kuulizwa, mpaka siku ya kupandisha nyaraka kwenye mfumo wa ajira.

Tofauti ndogo ya tahajia hutatuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu. Ukibadilisha jina lenyewe, unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Fanya sasa, maana jina utakalojisajilia chuoni ndilo litakalochapwa kwenye shahada.

Mwenye stashahada anahitaji kitu kimoja zaidi: namba ya uthibitisho wa tuzo kutoka NACTVET, maarufu AVN. Bila hiyo mfumo wa udahili hauwezi kuona matokeo yako. Huombwa mtandaoni, na inachelewa pale chuo ulichosoma kilipokuwa hakijawasilisha matokeo yako NACTVET. Hilo huwezi kulimaliza kwa simu siku ya mwisho. Kalifuatilie chuoni kwako mwezi wa nne au wa tano.

Aliyepoteza cheti cha NECTA aanze na taarifa ya upotevu polisi, atoe tangazo gazetini, kisha apeleke maombi NECTA. Usitumie nakala ya zamani iliyogongwa muhuri na wakili kana kwamba cheti kipo. Utakwama wakati wa kuhakiki vyeti halisi.

Changanua kila kitu kwa rangi, faili moja kwa kila cheti, na uipe jina linaloeleweka. Picha ya cheti iliyopigwa kwa simu juu ya kitanda, kona moja ikiwa imekatika na kivuli cha mkono kimeangukia namba ya mtihani, ndiyo inayorudishwa. Steshenari za Makoroboi au karibu na stendi zitakufanyia kwa bei ndogo. Kabla hujaondoka hapo, hakikisha mafaili yako umeyatuma kwenye barua pepe yako, si ya mwenye duka.

Hapo kwenye barua pepe na namba ya simu pasichukuliwe kirahisi. Msimbo wa kuthibitisha udahili hutumwa huko. Anayejaza namba ya laini anayoitumia msimu wa dagaa tu, kisha akaitupa, hupoteza nafasi yake akiwa hana habari.

HATUA YA 4: HAKIKI CHUO NA PROGRAMU

Kuna maswali mawili, si moja. Je, chuo kinatambuliwa na TCU? Na je, programu hiyo hasa ina ithibati? Chuo halali kinaweza kutangaza programu ambayo bado haijaidhinishwa. Kitabu cha mwongozo wa udahili ambacho TCU hukitoa kila mwaka huorodhesha programu kwa jina na masharti yake. Programu usiyoiona humo, iache.

Kwa vyuo vya nje vinavyotoa shahada kwa mtandao, ulizia TCU kuhusu utambuzi kabla ya kulipa senti. Shahada ya nje itapaswa kutathminiwa na TCU kabla ya kutumika katika ajira ya umma, na kinachotazamwa ni hadhi ya chuo katika nchi yake, sifa ulizoingia nazo na namna ulivyosoma. Aliyeingia shahada ya nje kwa cheti cha kidato cha nne peke yake hukwama hata kama chuo chenyewe kina jina kubwa.

HATUA YA 5: TUMA MAOMBI

TCU hufungua madirisha ya udahili baada ya matokeo ya kidato cha sita kutoka, kuanzia katikati ya mwaka, na masomo huanza robo ya mwisho. Maombi hufanyika moja kwa moja kwenye mfumo wa chuo. Mpangilio ni huu: unafungua akaunti kwa namba ya mtihani ya kidato cha nne, unajaza taarifa, unaomba kumbukumbu namba ya malipo, unalipa ada ya maombi kwa simu au benki, unarudi kuchagua programu, unawasilisha. Wengi huishia kwenye malipo wakidhani wamemaliza. Kama hujabofya kitufe cha kuwasilisha, hujaomba.

Namba ya mtihani iandikwe kama ilivyo kwenye cheti: herufi S kwa mtahiniwa wa shule au P kwa wa kujitegemea, namba ya kituo, namba yako, mwaka. Aliyerudia mtihani aingize namba zote mbili. Akiacha moja, mfumo utahesabu masomo ya mwaka mmoja tu na kumwona hana D nne.

Ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa msimbo uliotumiwa. Asiyethibitisha ndani ya muda huhesabiwa ameacha nafasi.

Kuhusu mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB: vigezo vyake vimekuwa vikitaka mwombaji asizidi miaka 35 na asiwe na kipato cha ajira rasmi, na cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Mwanafunzi wa masafa mwenye mshahara apange ada kutoka mfukoni mwake. Aandike orodha nzima mapema, si ada ya masomo tu: usajili, mitihani, michango ya chama cha wanafunzi, nauli, malazi ya siku za mitihani, bando na uchapaji.

HATUA YA 6: PANGA MUDA KWA SAA, SI KWA NIA

Shahada ya kwanza ina angalau krediti 360, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: kusoma, mazoezi, mitihani na yote. Jumla ni saa 3,600. Ukitaka kumaliza kwa miaka mitatu ni saa 1,200 kwa mwaka. Ukigawa kwa wiki 40 za kusoma kweli, ni saa 30 kwa wiki. Mtu mwenye kazi ya siku nzima na familia hawezi hilo kwa muda mrefu, hata ajipe moyo vipi. Kwa miaka mitano ni saa 18 kwa wiki, yaani saa mbili kila jioni na nane za mwisho wa wiki. Hapo panawezekana. Kabla ya kujisajili uliza chuoni kikomo cha juu cha miaka ya programu yako, kisha chagua kozi chache kila muhula kulingana na hesabu hiyo. Kujisajili kozi zote za mwaka na kufeli nusu ni ghali kuliko kuchukua nusu tangu mwanzo.

Ratiba ifuate maisha ya hapa. Anayefanya kazi Mwaloni Kirumba au anayemiliki mtumbwi wa dagaa anajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea watu hupumzika. Siku hizo za mwezi mkubwa ndizo za kazi za nyumbani na usomaji mzito. Siku za giza aweke marudio mafupi tu. Mwalimu aangalie Septemba na Novemba, misimu ya mitihani ya darasa la saba na kidato cha nne, akiwa msimamizi hatapata hata saa moja. Mkulima wa pamba wa Kwimba au Magu anajua mwenyewe miezi yake ya palizi na ya mavuno.

Masomo yako kwenye mfumo wa mtandaoni wa chuo. Simu inatosha kusoma na kusikiliza, lakini kuandika kazi ya kurasa kumi kwa simu ni mateso. Tafuta kompyuta hata ya kushirikiana watu wawili. Pakua moduli zote za muhula siku moja ukiwa mjini penye mtandao mzuri, uzihifadhi kwenye flashi. Walioko Ukara, Irugwa au visiwa vya Buchosa wasitegemee kupakua usiku wa kuamkia kuwasilisha kazi.

Kazi zako ziandike mwenyewe. Vyuo hupitisha kazi kwenye programu za kupima kunakili, na kazi inayouzwa steshenari imeshauzwa kwa wengine ishirini.

Mitihani ndiyo inayomtofautisha mwanafunzi wa masafa na msomaji wa mitandao. Kujisajili kozi ni jambo moja, kujisajili mtihani ni jingine, na dirisha lake hufungwa. Chagua kituo cha mtihani, lipa kinachodaiwa, kisha chapa kibali cha kuingilia chumba cha mtihani. Ukifika bila kibali na kitambulisho, hutaingia hata kama msimamizi ni jirani yako.

Fika mjini siku moja kabla. Wa Sengerema na Geita wamepumua tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, hakuna tena kusubiri kivuko. Wa Ukerewe bado wako mikononi mwa ziwa: upepo ukichafuka, ratiba ya meli ya Nansio hupanguka. Njia ya pili ni kivuko cha Rugezi–Kisorya kisha barabara ya Bunda, ni ndefu lakini inakupa uhakika zaidi. Weka nauli ya njia zote mbili.

Wa shahada ya ualimu wakumbuke mazoezi ya kufundisha. Hayo hayafanyiki usiku wala kwa simu. Unatakiwa uwe shuleni wiki kadhaa mfululizo, ukikaguliwa. Asiye mwalimu apange likizo yake ya mwaka iangukie hapo, na amwambie mwajiri mapema.

KAZI ZINAZOPATIKANA, NA ZISIZOPATIKANA KIRAHISI

Kisheria shahada ya masafa kutoka chuo chenye ithibati ni shahada kama nyingine. Cheti hakina daraja la pili. Kinachopungua mara nyingi ni mtandao wa watu na uzoefu wa kazi za fani, kwa hiyo vitafute ukiwa bado unasoma.

Kiswahili kina soko pana kuliko watu wanavyodhani. Marekebisho ya sheria ya 2021 yaliifanya lugha hiyo kuwa lugha ya sheria na mahakama, na Umoja wa Afrika uliipokea kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Kazi ya tafsiri, ukalimani, uhariri na kufundisha wageni ipo. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lina kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili na hutoa mafunzo kwa wanaotaka kufundisha wageni. Jisajili mara unapohitimu. Lakini mfasiri anahitaji lugha mbili. Mhitimu wa Kiswahili ambaye Kiingereza au Kifaransa chake ni cha kubahatisha ameshika nusu ya jembe.

Sosholojia na fani za maendeleo zina nafasi katika halmashauri na mashirika yasiyo ya kiserikali, na Mwanza ina faida moja ya pekee: utafiti wa afya. Kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na miradi inayokizunguka huhitaji watu wa kufanya mahojiano, kunukuu sauti na kutafsiri. Anayezungumza Kisukuma, Kikerewe au Kijita vizuri ana kitu ambacho mhitimu wa mbali hana. Mikataba yake ni mifupi, ya miezi kadhaa, lakini inajenga wasifu. Jifunze programu za takwimu na kukusanya taarifa kwa simu kabla ya kuomba.

Uandishi wa habari: kiwango cha chini cha kitaaluma kwa mwandishi ni stashahada, kwa mujibu wa masharti ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, kwa hiyo shahada inakutosha. Tatizo ni wingi. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kiko hapa hapa Malimbe na kimetoa wanahabari kwa miaka mingi, nao huhitimu wakiwa wameshazoea studio. Mwanafunzi wa masafa asipojitolea kwenye redio mapema, hawezi kushindana nao kwa karatasi tu.

Utalii na urithi ni eneo dogo lakini si tupu: Hifadhi ya Kisiwa cha Saanane iko mjini kabisa, Rubondo iko magharibi, lango la Ndabaka la Serengeti liko barabara ya Musoma, na Makumbusho ya Wasukuma yako Bujora, Kisesa. Lugha ya tatu hapa ina thamani kuliko GPA.

GPA nayo ina mahali pake. Chini ya 2.7 milango mingi ya shahada ya uzamili hufungwa. Anayeota kufundisha chuo kikuu anahitaji angalau 3.8 katika shahada ya kwanza ili aajiriwe kama mkufunzi msaidizi, na hiyo haipatikani kwa kusoma wiki moja kabla ya mtihani.

BAADA YA KUHITIMU

Usibaki na karatasi ya matokeo. Sekretarieti ya Ajira haipokei matokeo ya muda wala hati za matokeo badala ya cheti, hivyo maliza madai yote ya ada, fanya taratibu za kuhitimu, na uchukue cheti pamoja na nakala ya matokeo. Kisha sasisha akaunti yako ya Ajira Portal: NIDA, vyeti vilivyothibitishwa na wakili, wasifu wenye wadhamini watatu wanaopokea simu, na barua ya maombi iliyosainiwa. Mtumishi wa umma apitishe barua yake kwa mwajiri. Barua isiyopitishwa huondolewa kwenye mchujo wa kwanza. Anayeomba kubadilishiwa kada apeleke kwa afisa utumishi barua, nakala ya cheti, nakala ya matokeo na ile ruhusa ya masomo ya hatua ya kwanza, na agongewe muhuri wa mapokezi kwenye nakala atakayobaki nayo.